Saa Nane ya Kinshasa

Kinshasa, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi. Ni miezi miwili tangu niondoke Kalemie baada ya msiba.

Yaya,

Neno "mpendwa" nimekunyima. Kwamba wewe ni kaka yangu mkubwa, hilo siwezi kulifuta.

Nimesikia unawaambia wajomba kwamba siku ya kuondoa kilio, tutakapomaliza matanga, sina sauti, kwa sababu sikufika kumzika Papa, baba yetu. Unataka uvae jina lake peke yako, uwe mrithi wake, nami niko huku uwanja wa ndege nabeba mizigo ya watu.

Unakumbuka redio ya Papa? Asubuhi Kinshasa wakitangaza saa kumi na mbili, kwetu ilikuwa saa moja, na Papa alikuwa ameshavaa nguo zake za reli. Wewe ndiye uliyenieleza. Tulikuwa tumetoka kuoga ziwani, meno yananigongana, ukanicheka: "Wewe mutoto, jua linaanzia kwetu. Wale wa Kinshasa wangali wanakoroma!" Nilikuamini kuliko mwalimu.

Papa alipofariki, habari ilinifikia kwa fonia, ile redio ya kuitana. Wenzangu walinitafutia nafasi katika ndege ya mizigo, wakanitania ili nisilie: "Nenda, muntu wa mwisho wa inchi!" Toka hapa mpaka kwetu, kwa njia ya angani, ni kama kilometa elfu moja na mia tano. Ndege ile nzee ilizikata kwa saa nne. Nilikujibu kwa fonia: natoka saa nne, natua saa nane, saa ya Kinshasa. Nikasikia sauti yako mwenyewe: "Nimesikia."

Nilisafiri juu ya magunia, magoti yamegusa kidevu. Tulipotua nikapanda nyuma ya baiskeli mpaka makaburini. Kaburi lilikuwa limeshafungwa. Kwetu jembe haliguswi kabla kila mtoto hajatupa udongo kwa mkono wake, na wewe ulikuwa umeegemea jembe, unajifuta jasho.

"Ulisema saa nane. Saa nane ilipita."

"Saa nane ya Kinshasa, Yaya! Kwetu ni saa tisa!"

"Hapa njo Kalemie. Maiti haingojei saa ya Kinshasa."

Wengine walicheka. Mwili wa Papa ulilala nyumbani usiku mzima, kungoja saa moja zaidi ndiko kukakushinda? Hukukosea hesabu. Ulijua, ukachukua jembe.

Nimechoka. Mgongo unaniuma, usingizi sipati. Nakuchukia, kisha nakukumbuka ukinisugua mgongo kwa mchanga wa ziwa, nakuchukia zaidi. Afadhali ungekuwa mtu mbaya tangu utoto.

Sasa sikia. Juzi Mama alinitafuta kwenye fonia ya misioni. Anasema havui kitambaa cheusi mpaka nifike. Unajua maana yake: asipovua yeye, kilio hakiondolewi, na jina la Papa halivaliwi na mtu. Ukitaka, mbishie yeye.

Nafasi ya ndege sipati tena. Nitapanda meli mpaka Ilebo, kisha treni, Kamina, Kabalo, mpaka kwetu. Mwendo ambao ndege ilinipitisha kabla jua halijashuka, sasa utanila majuma, tena treni ikipenda. Nitafika kabla ya Noeli. Waambie wajomba wakae chini. Na wewe, safari hii, utaningoja.

Mdogo wako, mtoto wa Papa yule yule.