Bati la Mnadani

Jumamosi, 9 Novemba

Sare za kwaya. Zimebaki kola na vifungo. Nilikuwa kwenye cherehani ilipoanza mvua ya mawe. Hapa Uyole tumeizoea, lakini ya leo ilikuwa na kisirani. Mawe makubwa kama kokwa za parachichi. Mama nilimwingiza chini ya meza ya kukatia, na blanketi lake. Ilipokatika, maji yalikuwa yanamwagika chumbani kwake. Dari la jipsamu limelala kitandani. Mabati yametoboka upande mzima wa mlimani.

Mtaa mzima umepigwa. Wengine wana mabati mazito, wameponea hapo.

Nyumba hii nimeijenga kwa sindano. Haijamaliza miaka mitatu.

Jumatatu, 11 Novemba

Benki. Waliponipa mkopo wa kumalizia nyumba walinilazimisha kukata bima. Nilinung'unika sana. Leo nashukuru kwamba hawakunisikiliza. Wamewapigia simu watu wa bima, atakuja mkaguzi. Nisiguse paa mpaka alione.

Sawa. Mabeseni sakafuni. Mama analala jikoni. Kifua chake hakipatani na unyevu.

Alhamisi, 14 Novemba

Mkaguzi kumbe ni Mzee Ambakisye. Mzee wa kanisa letu, yule anayenadi sadaka za mazao baada ya ibada. Nimemshukuru Mungu kwa sauti. Nikampikia ndizi za nyama. Amekula sahani mbili.

Ngazi niliazima kwa jirani. Imebaki imeegemea ukuta. Alisimama uani na viatu vyake vinavyong'aa, akakinga jua kwa mkono, akapiga picha mbili, akaandika. Kisha akaiombea nyumba. Sala ilikuwa ndefu kuliko ukaguzi. Sikujali. Nalala na matumaini.

Ijumaa, 22 Novemba

Barua kutoka ofisi yao ya kanda, Iringa. Madai yamekataliwa. Paa limeharibika kwa "kutu na uchakavu wa muda mrefu".

Kutu.

Nimempigia Mzee Ambakisye. "Dada Atupele, ile ni kazi. Tusichanganye na mambo ya kanisa." Akakata.

Ndizi zangu alizichanganya na kazi bila shida yoyote.

Namchukia. Naandika hapa ili nisiropoke mbele ya Mama.

Jumapili, 24 Novemba

Kanisani nimekaa benchi la nyuma kabisa. Sikumsalimia. Yeye alinipungia mkono kama kawaida. Baada ya ibada akanadi jogoo mpaka watu wakalia kwa kucheka. Ana kipaji, siwezi kusema uongo. Akishika kitu anakisifia mpaka unaona aibu kutokukinunua.

Nimerudi nyumbani nimeuma meno mpaka taya inauma.

Jumanne, 26 Novemba

Iringa na kurudi. Chimala, Igawa, Makambako, njia nzima nagombana naye kichwani. Nilimshinda kila mara.

Binti wa ofisini alikuwa na adabu. Alinielewesha. Wao hawaoni paa, wanaona ripoti. Mkaguzi mwenyewe akirudi kukagua na kuandika upya, faili linafunguliwa. Asipotaka, basi.

Kwa hiyo paa la Mama liko mdomoni mwa mtu mmoja. Nimerudi nimemkuta Mama anakohoa. Jikoni nako kumeanza kuvuja.

Alhamisi, 28 Novemba

Mke wa Ambakisye ameleta kitambaa cha gauni la Krismasi. Mama wa watu, hana kosa. Nilishika mkasi muda mrefu. Niliwaza kumbana kiunoni, zipu ipasuke katikati ya wimbo. Niliwaza na mengine, siyaandiki.

Nimelikata vizuri. Mume ndiye ninayemtaka.

Nikiwa napiga pasi nikakumbuka utaratibu wa mnada wetu. Mtoaji hatajwi. Na kitu kilichotolewa kwa Mungu hakirudi nyumbani: kikikosa mnunuzi, mnadi anakinunua mwenyewe. Utaratibu huo aliuleta yeye, kwenye kikao cha wazee.

Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Jumapili, 1 Desemba

Jana fundi Gwamaka alinifungulia bati moja, lile la juu ya kitanda cha Mama. Nililiosha kwa sabuni. Rangi yake ya bluu inang'aa kama siku ya kununuliwa. Asubuhi nikalipeleka kwa guta kabla watu hawajafika, nikalilaza chini kwenye sadaka, mikungu ya ndizi juu yake.

Ibada sikuisikia. Mungu anisamehe, nilikuwa nasubiri mnada.

Aliuza ndizi. Akauza viazi, kuku, maharage. Watu wamechangamka, naye jasho linamtoka. Mnadi hatazami bidhaa, anatazama mifuko. Alipofika kwenye bati akaanza kulisifia likiwa bado chini.

"Bati la kisasa, la msauzi, ndugu zangu! Jipya! Tazameni rangi hiyo, halina kutu hata chembe!"

Hata chembe. Alisema hivyo mbele ya mchungaji, kwaya na wazee wote. Kisha akaliinua juu ya kichwa. Jua likapita kwenye matundu, shati lake jeupe likajaa madoa ya mwanga.

Bibi mmoja wa kwaya akauliza, "Na hayo matundu, mzee?" Mtu nyuma akamjibu, "Mvua ya mawe hiyo. Sote si tulikuwepo?"

Ndipo akanitafuta kwa macho. Nilisimama ili anione vizuri.

Hakuna aliyetaja bei. Alisubiri, wakasubiri. Mwisho akatoa pochi yake. Akaenda nalo kwapani, barabara kuu nzima, kila anayekutana naye akiuliza anaezeka nini.

Furaha niliyonayo si ya Kikristo.

Jumatano, 4 Desemba

Amekuja asubuhi bila kupiga simu. Amevaa gambuti. Akaomba ngazi.

Kumbe anaogopa. Tangu kipago cha pili mikono imeng'ang'ania mbao. Juu alikaa akitambaa, akipiga picha, akinong'ona sala fupi fupi. Nyumba ngapi amezikagulia uani, mwanamume huyu? Nilitaka kumhurumia. Nikaangalia kitanda cha Mama jikoni, huruma ikaniisha.

Aliposhuka alisema, "Nimeona, Dada." Tu. Chai sikumkaribisha. Mama alimkaribisha. Akanywa amesimama.

Jumamosi, 21 Desemba

Bima wamelipa. Gwamaka alimaliza kuezeka jana, mabati mazito safari hii. Mama amerudi chumbani kwake. Amelala tangu saa mbili.

Jioni mke wa Ambakisye alikuja kuchukua gauni. Limemkaa vizuri, akazunguka mbele ya kioo. Akaniambia mumewe amekataa kulitupa lile bati. Ameliezeka kwenye banda la kuku na hataki mtu aliguse. Kuku wanalowa.

Kesho mchungaji atahubiri msamaha, kama kila mwaka kabla ya Krismasi. Nitamsamehe. Nitampa na mkono.

Hiyo ni kesho. Sasa hivi mvua inanyesha, hakuna beseni hata moja sakafuni, nami nimekaa kitandani nikiwawazia kuku wa watu.