Katoni Niliyoikalia

Alhamisi, Februari 2015. Theluji imefika usawa wa dirisha, Cheektowaga yote kimya, hapa kando ya Buffalo, New York.

Nina wiki tano katika ndoa na bado natabasamu nikiona viatu vya Eliya mlangoni. Akiwa kazini nanusa kola ya koti lake la pili. Niliahidi blogu hii itakuwa ya furaha tupu.

Leo asubuhi polisi wamepekua nyumba yetu.

Eliya alikuwa ameshaenda kazini, kule ghalani. Wao walikuwa wanne, wameshika hati ya upekuzi. Kiingereza changu ni cha sekondari, lakini niliisoma yote, nimesimama mlangoni na kitenge changu. Simu ziliibwa Louisville, zikapitia Columbus, na wanaamini nyingine zilitumwa kwetu. Nikauliza mbona amesaini hakimu wa Buffalo wakati wizi ulitokea Kentucky. Afisa mmoja, mwanamke, akanieleza kwa upole kwamba hakimu wa kule hawezi kuamuru mlango wa New York ufunguliwe, ndiyo maana waliomba hati hapa.

Hawakuhangaika. Walikwenda moja kwa moja chumbani, kwenye katoni nne za zawadi za harusi.

Kwao Eliya, zawadi hazifunguliwi mpaka shangazi wa bwana harusi afike, aombe, akate kamba ya kwanza. Shangazi anakuja Jumamosi kutoka Louisville. Mimi nimekuwa nikizipangusa vumbi kila siku kama mtoto anayengoja Krismasi.

"Wiki tano na hujafungua hata moja?" afisa akashangaa. "Mimi ningezimaliza ndani ya gari."

"Ni heshima," nikamjibu.

Akaniuliza kama kuna mtu aliyejaribu kutoa katoni yoyote nyumbani. Nikasema hapana.

Tatu zilikuwa na blanketi, sufuria na vitenge. Ya nne ilifika kwa posta wiki iliyopita, kutoka kwa Musafiri, binamu yake Eliya wa Columbus. Ndani yake simu mpya, zimeviringishwa kwenye mataulo.

Hakukuwa na kadi ya harusi.

Eliya aliporudi mchana nikampa orodha ya vitu walivyochukua. Akakaa chini. "Sheri, mpenzi wangu, mi sijue kitu. Musafiri ndiye alituma. Bon, nilizania ni masahani." Machozi yakamlenga. Nikamkumbatia, maana nampenda.

Nikiwa kifuani pake ndipo nikaikumbuka siku ya Jumanne.

Jumanne alitaka kuipeleka katoni hiyohiyo kwa rafiki yake Kenmore, eti inabana nafasi. Mimi nikaikalia, nikicheka: "Shangazi akikuta tatu utamwambia nini?" Naye akacheka. Lakini alikuwa ameshavaa koti, na funguo za gari zilikuwa mkononi.

Yeye ndiye aliyenifundisha desturi yenyewe.

Kwa hiyo nilimdanganya afisa bila kujua. Sasa najua.

Eliya yuko jikoni anapika sombe, kisamvu cha kwao, huku akiimba wimbo wa kwaya. Hajawahi kupika tangu tuoane. Sauti yake ni tamu mno, na mimi nasikiliza kila anapokatiza kusoma ujumbe kwenye simu.

Afisa atarudi kesho saa nne asubuhi kuandika maelezo yangu. Kabla hajagonga mlango nitamuuliza mume wangu swali moja, nikimtazama usoni.

Siku ile ya Jumanne, ni nani aliyekuambia kwamba polisi wanakuja?