Karanga Kwenye Majani ya Maboga

Jumapili, 15 Juni 2025

Nimetoka misa ya kwanza, nimekuta bustani imezidi. Sina neno lingine – imezidi. Maboga yamepanda ukuta. Kunde zimekomaa zote siku moja, kama zilikaa kikao. Bamia usipozichuma asubuhi, jioni ni kuni.

Yote haya ameyaotesha Jovina, mke wangu, masika yalipoanza. Halafu akaenda Mwanza kumlea binti yetu Koku, aliyejifungua. Alisema mwezi mmoja. Sasa unaingia wa tatu.

Siku anaondoka alinikabidhi mpira wa maji. "Bustani ikifa, mie sirudi." Sijui kama ulikuwa utani. Namwagilia kila siku.

Leo nimejaribu kupika majani ya maboga. Hakuna aliyewahi kuniambia kuwa yana nyuzi za kumenya. Nimekula kamba.

Jumanne, 17 Juni

Genoveva ameniona nikimwaga sufuria nzima shimoni. Huyu ni jirani yetu, nyumba ya nyuma, mjane, nesi mstaafu, mtu wa Singida. Akauliza nani anaumwa. Nikamwambia haumwi mtu, ni mboga tu.

Alinielekeza palepale, akiwa upande wake wa ukuta, kidevu juu ya tofali. Vunja kikonyo, vuta uzi mpaka kwenye jani. Katakata, chemsha kidogo. Kaanga kitunguu na nyanya. Mwisho tia karanga zilizotwangwa, moto mdogo, usiache kukoroga.

Jovina hatii karanga kwenye mboga, hata siku moja. Anasema karanga ni za kutafuna. Nikatia. Nikala ugali wa watu wawili, nikalala na sahani mezani.

Niandike hapa ieleweke: Genoveva hajavuka ukuta. Yaliyovuka ni maelekezo.

Ijumaa, 20 Juni

Juzi kunde na bamia. Jana boga la nazi. Leo mahindi ya kuchoma, nimekula manne nikiwa nimesimama, kama mwizi. Nilikuwa karani maisha yangu yote na nilidhani chakula kinatokea tu ukishanawa mikono. Kumbe kuna mtu alikuwa anavuta nyuzi!

Nimempigia Jovina. Nikataka kumuuliza anarudi lini, nikajikuta namweleza habari za bamia. Akasema hata hivyo mtoto bado mdogo. Nikasema sawa. Mtoto atakuwa mdogo mpaka lini? Hilo sikuuliza.

Nimemkumbuka. Nyumba hii bila sauti yake kunigombeza haikaliki. Lakini mtu wa umri wangu anaanzaje kusema hivyo kwenye simu, na mkwe yuko pembeni anasikia?

Nitamtumia mboga.

Jumatatu, 23 Juni

Stendi ya Mbezi Luis. Nimepeleka mzigo wa Mwanza: maboga mawili, mfuko wa kunde, na ndoo ndogo ya majani ya maboga ya karanga niliyoyapika Jumamosi nikayagandisha kwenye friza. Nimeyazungushia magazeti na blanketi la zamani. Konda akainusa ndoo, akaniuliza, "Mzee, hii haivuji?" Nikamwambia ni jiwe. Akaigonga kidogo, akaiweka.

Juu nimeandika kwa kalamu nene: JOVINA – MBOGA – BUSTANI HAIJAFA. Nilitaka kuongeza na neno "rudi". Konda alikuwa ananitazama, nikaacha.

Jumatano, 25 Juni

Mzigo umefika jana. Leo Koku kapiga, kasema mboga ilikuwa tamu mno, hata yeye kaongeza ugali. Mama yake kala sahani mbili. Kisha akaenda kukaa nje.

Nikafurahi. Nikadhani ni hamu ya nyumbani.

Jioni kapiga Jovina mwenyewe. Hakusalimia.

"Nani kapika ile mboga?"

Nikasema mimi. Akasema mimi huwa nachemsha maji mpaka yanaisha. Ni kweli, ilitokea, na sufuria ile hatunayo tena. Nikasema nimebadilika.

"Na karanga? Nani kakufundisha karanga?"

Hapa ndipo nilipokuwa na nafasi ya kusema ukweli, na ukweli wenyewe haukuwa na doa. Ila nilisikia jinsi utakavyosikika: mjane, jirani, mpishi. Nikasema nimejifunza kwenye simu.

Akasema, "Mh." Akakata.

Ile "mh" naijua. Aliwahi kuitoa kwa fundi aliyetujengea choo, na yule fundi alihama mtaa.

Ijumaa, 27 Juni

Simu ya Jovina haipatikani. Koku anasema mama amepumzika. Nimeuliza tena, amepumzika. Nimechuma bamia.

Jumamosi, 28 Juni

Saa moja asubuhi geti likagongwa. Jovina. Begi moja, macho mekundu ya safari. Nilimtaka arudi, amerudi.

Nikataka kumpokea begi, akakataa. Akaingia chumbani, akatazama kitanda. Akaingia jikoni, akahesabu vikombe kwenye beseni. Kimoja. Akatoka bustanini, akasimama katikati ya kunde zake muda mrefu, mgongo umenielekea. Niliona mabega yanashuka. Nikaanza kupata matumaini.

Akarudi jikoni, akakaa kwenye kigoda, begi mapajani. "Haya. Pika nione."

Nikachuma majani. Nikavuta nyuzi mbele yake, moja moja, hadi mwisho wa jani. Alikuwa anatazama vidole vyangu kama hajawahi kuviona. Begi akaliweka chini. Kwa kweli nilitaka kulia.

Ndipo sauti ikaja kutoka ukutani, imechangamka kama ya kila asubuhi: "Shemeji! Leo karanga usizitwange sana!"

Jovina akainuka bila haraka. Akatoka nje, akamsalimia vizuri kabisa, akamuuliza habari za watoto, akamwambia azunguke getini aingie, maana habari hizi hazifai kusemewa ukutani. Na Genoveva, asiyejua lolote, kazunguka. Kaja na karanga zake.

Nimekimbilia chumbani, nimesema nafuata dawa ya presha. Naandika nimesimama. Wako jikoni wawili. Nasikia Jovina anasogeza kinu.

"Karibu, jirani. Nionyeshe kama ulivyomwonyesha."

Hakunionyesha kitu, alinielekeza tu, kidevu juu ya tofali! Inabidi nitoke niseme hivyo, sasa hivi, kabla Genoveva hajajibu. Lakini nimeshamwambia Jovina nilijifunza kwenye simu.