Mjukuu Wangu Hapumui Nyumbani Kwangu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, maana haya yamenikaa kooni na wa kumweleza sina isipokuwa paka.

Mimi ni mjane, fundi cherehani tangu usichana wangu, watoto wote nimewalea kwa sindano, na baba yao alipofariki nilibaki karibu na huyu wa mwisho, fundi umeme, ambaye kila mwisho wa wiki alikuwa akiniletea mkewe na mtoto wao, na huyo mjukuu tunamwita Babu kwa sababu amerithi jina la marehemu na hata mwendo wake, mikono mgongoni kama mkaguzi, basi akiingia tu nyumba inachangamka, anakaa kwenye zulia la marehemu karibu na miguu yangu anaokota vipande vya vitambaa, na paka wangu, Karani, tuliyempa jina hilo kwa kupenda kulalia karatasi za watu, anajilaza mapajani mwake. Hata mto wa kulalia nilimshonea mwenyewe, nikaujaza sufi na mabaki ya vitambaa, nikautarizi jogoo.

Yalianza kama mafua, kila akija anapiga chafya mpaka macho yanavimba, mimi nikisema ni baridi tu, hadi mchana mmoja akaamka usingizini kifua kinalia kama filimbi, midomo imebadilika rangi, mama yake akamnyakua akakimbia naye zahanati bila viatu. Daktari akasema mtoto ana pumu na inachochewa na aleji, huenda ni vumbi, huenda ni paka, akapewa dawa ya kuvuta. Tangu hapo wakaacha kuja. Nikampigia mkwe wangu nikamuuliza kama wamenisusa, akaniambia taratibu, "Mama, si kwamba hatukupendi. Kwako mtoto hapumui." Mshauri, maneno hayo yalinichoma, nikamjibu, "Wanangu wote wamekulia humu, na huyo mumeo akiwemo, na hakuna aliyekufa." Akasema tu, "Haya, mama," na simu ikakatika.

Basi nikafagia nyumba nzima, nikalikung'uta zulia sebuleni, nikapuliza manukato ya kopo kila chumba, nikamwambia mwanangu sasa mleteni, wakaja, mtoto hata juisi hakumaliza, kikohozi kikamshika, wakaondoka. Siku hizi mwanangu anakuja peke yake, chai anainywa amesimama, na juzi nilichungulia dirishani nikamwona nje ya geti anavua shati, analikung'uta, anavaa jingine alilolitoa kwenye mfuko, kana kwamba anajipangusa mikosi yangu. Nilikaa kitandani nikalia. Napika kwenye sufuria ndogo kuliko zote na bado kiporo kinabaki.

Wifi yangu anasema mkwe ananitenga na mjukuu kwa kisingizio cha vumbi. Jirani anasema mtupe paka, choma zulia. Nikiviondoa hivyo nitabaki na kuta, na je, wakikataa kuja hata hivyo? Nifanye nini?

Mama Mpweke

MSHAURI ANAJIBU

Mama yangu, pole. Kupikia mtu mmoja baada ya kuzoea kupikia kundi ni kazi ngumu, na sikulaumu kwa kulia. Lakini kukugombeza lazima nikugombeze.

Kifua cha mtoto hakijui kusingizia. Midomo yake umeiona kwa macho yako, halafu unamsikiliza wifi? Mkwe wako alikuambia ukweli kwa adabu, nawe ukamjibu habari za kufa. Na mwanao anabadili shati ili manyoya ya paka yasimfikie mwanawe. Angekuwa amekuchoka asingejisumbua kubeba shati la pili, angebaki kwake.

Aleji si uchafu, mama. Nyumba inaweza kung'aa na bado ikambana mtu. Tena ulipofagia pakavu na kulikung'uta zulia ndani ulilitoa vumbi lilikolala ukalipandisha hewani, na yale manukato yakamalizia.

Usichome kitu. Anza na chumba kimoja, kile atakacholala mtoto. Toa humo zulia, mapazia mazito na vitambaa vyote vya kazi. Cherehani na mabaki yake viwe chumba kingine, mlango umefungwa. Mto wa sufi uweke kabatini, najua inauma, mnunulie unaofulika na uuvike foronya nzito yenye zipu, godoro nalo vivyo hivyo. Mashuka yafuliwe kwa maji ya moto kila wiki. Futa kwa kitambaa kibichi, piga deki, fagio kavu liache. Ukutani ukiona ukungu, tafuta maji yanakovuja uzibe kwanza, kisha usugue. Wanapokata majani nje, funga madirisha, na mtoto akitoka kucheza aoge, abadili nguo.

Karani asikanyage chumba hicho wala kulala kwenye makochi. Mwombeni daktari ampime mtoto ajue hasa kinachomsumbua. Akisema ni paka, na mtoto akaendelea kubanwa, mtafutie Karani nyumba nyingine yenye watu wema, na ujue manyoya yake yatabaki kwako miezi kadhaa hata ukisafisha kila siku. Zulia la marehemu likunje vizuri, umpe mmoja wa wanao wengine alitunze. Mumeo hakai kwenye zulia.

Wakati hayo yanaendelea, usikae kuwasubiri. Nenda wewe kwao. Oga, vaa nguo zilizofuliwa ambazo paka hajazilalia, ubishe hodi.

Ila kabla ya ndoo na deki, mpigie mkwe wako. Usijitetee. Mwambie, "Mwanangu, nilikujibu vibaya, nisamehe," kisha umwombe akufundishe kumpa mtoto ile dawa ya kuvuta. Mpigie leo, jioni akishamaliza kazi zake.