Diski Yenye Ufa

Jumatatu, 6 Agosti 1984

Mtu huyu atanitia wazimu! Mzee Melkizedek, mwenye gereji, ameleta grinda ya kukatia chuma kutoka Arusha, imechakaa, na kile kibati cha kukinga diski hakipo. Eti waliokuwa nayo walikitoa kwa sababu kinasumbua. Kinasumbua nini? Kinazuia vipande visikupasue uso, ndiyo kazi yake!

Anasema kuanzia sasa visu vyote vitakatwa kwa mashine. Nikamwambia hatuhitaji. Springi ya Land Rover ukiichoma kwenye mkaa mpaka iwe nyekundu, ukaifukia kwenye majivu mpaka kesho yake, inalainika. Msumeno wa chuma unaingia vizuri na meno hayaishi upesi. Au unaikata ingali ya moto, kwa tindo na nyundo. Mkaa tunao. Majivu hayauzwi. Baba anakata hivyo Nainokanoka mpaka leo na macho yake yote mawili anayo.

Akacheka. “Hayo ya babu zenu, Senteu. Hapa ni gereji.”

Ya babu zetu! Na visu anavyouza wateja wake wanavifuata kwa sababu ya nani?

Jumatano, 8 Agosti

Baridi, ukungu mpaka saa nne. Amekuja Metui, morani wa kwetu Nainokanoka. Ametembea kushuka mpaka Karatu. Kwao kuna sherehe, wanataka visu vya kuchinjia na kuchunia. Anavitaka Jumamosi.

Nikampa kisu kimoja akipime mkononi. Kabla hajakipokea akatoa kikopo cha mafuta ya ng'ombe, akajipaka kiganja. Mbele yangu! Mbele ya mafundi wote! Sisi ni ukoo wa wahunzi, il-kunono, na wenzetu Wamaasai wanaamini mikono yetu ina mkosi kwa sababu inatengeneza vitu vinavyomwaga damu; mafuta ndiyo kinga yao. Kumwaga wamwage wao. Mkosi tubaki nao sisi.

Mzee Melki akauliza kwa nini anajipaka mafuta. Nikasema baridi inapasua ngozi. Sijui kwa nini nilimfichia. Nimekasirika mno!

Ijumaa, 10 Agosti

Diski imeanguka kwenye sakafu. Nimeiinua kwenye mwanga — ufa, kutoka katikati mpaka karibu na ukingo. Nikampelekea Mzee Melki mkononi.

“Nitapata wapi nyingine? Dukani hakuna hata sabuni, wewe unataka diski!”

Nikasema basi tusitumie. Leo nichome springi, usiku zilale kwenye majivu, kesho asubuhi nikate kwa msumeno. Metui akisubiri mpaka jioni hatakufa.

Akasema mteja akiondoka hasara nitalipa mimi. Nikamwambia mimi hiyo sishiki. Mafundi wengine wakainama, kila mtu na boliti yake. Waoga wakubwa!

Jumamosi, 11 Agosti

Damu bado iko kwenye kucha zangu.

Mafundi walikuwa wamekwenda kuvuta gari lililokwama njia ya Mbulu. Metui alikuwa amekuja kuchukua visu vyake, tukabaki watatu. Mzee Melki akawasha jenereta, akashika grinda mwenyewe, na diski ile ile yenye ufa. Metui akasogea kutazama cheche. Nikampigia kelele kwa Kimaasai asimame mbali — akacheka, akasogea tena. Nikamshika Mzee Melki bega. Akanisukuma kwa kiwiko.

Kisha mlio. Kama risasi. Kipande kimoja cha diski kikaingia ukutani. Kingine kwenye paja la Metui.

Damu ilikuwa inaruka. Nilimlaza chini, nikalikandamiza paja kwa mikono yangu mitupu, kwa uzito wangu wote. Macho yake yalikuwa kwenye mikono yangu. Nikamwambia, “Ukitaka niitoe, sema sasa.” Akanishika kifundo cha mkono na hakuachia mpaka hospitali ya misheni.

Mzee Melki aliendesha gari. Njia nzima analia, “Mungu wangu, Mungu wangu.” Nilitaka kumpiga.

Jumapili, 12 Agosti

Metui yu hai. Mshipa umeshonwa. Homa kali, anasema maneno yasiyoeleweka. Muuguzi anasema vidole vya mguu havisikii kitu, wanangoja. Mguu ukianza kuwa mweusi, wataukata.

Jioni akaja Bertha, mke wa Mzee Melki. Akaniletea ndizi na nyama, akakaa akikunja ncha ya kanga. Mwishowe: “Mdogo wangu, yule kijana aliishika mashine mwenyewe. Si ndivyo?”

Nikamwuliza nani kasema.

“Mume wangu akifungwa, watoto nitawapeleka wapi?”

Alikuwa analia kwelikweli. Huyu ndiye aliyeniuguza malaria mwaka jana. Nikamrudishia chakula chake. Kisha nikajisikia vibaya. Kisha hasira tena!

Jumatatu, 13 Agosti

Niko kituo cha polisi, kwenye benchi. Naandika upesi.

Mzee Ngoitiko, baba yake Metui, amefika asubuhi. Kiswahili hasikii. Polisi akasema, “Ndugu Senteu, wewe utamtafsiria mzee.” Kisha akamwambia Mzee Melki aeleze.

Akaeleza! Kwamba alikuwa ndani akitafuta spana. Kwamba morani aliwasha mashine kwa kucheza. Kwamba diski ilikuwa nzima. Hata kope hazikutikisika. “Senteu ni shahidi wangu, ni kama mwanangu.” Kama mwanawe!

Polisi akasema nimtafsirie mzee. Hapo hapo akaitwa nje, kuna lori limepinduka huko mteremkoni. Tumebaki watatu.

Mzee Ngoitiko akaniuliza taratibu, “Anasemaje huyu?”

Nikamwambia. Si aliyosema Mzee Melki. Yaliyotokea. Ufa, kibati, kiwiko, yote. Kwa Kimaasai, bila kupandisha sauti, huku Mzee Melki akinitikisia kichwa — vizuri, vizuri — akidhani natafsiri maneno yake. Nilipomaliza akanisogezea sigara.

Mzee Ngoitiko amemgeukia Mzee Melki. Anamtazama tu. Sigara iko hapa juu ya benchi, sijaigusa.

Polisi anarudi, namsikia anafunga mlango wa gari. Ataniuliza mimi sasa, kwa Kiswahili, na Mzee Melki ataelewa kila neno —