Mwandiko wa Baba

Rubwera, 4 Februari 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ni mafua tu ya mvua hizi. Goti la Mama linaendeleaje?

Zile herufi ulizoniandikia Krismasi nimeziingiza kwenye kompyuta ya duka letu la uchapaji. Sasa ni fonti kamili! Nikibonyeza tu, mwandiko wako unatoka: mwembamba ukipanda, mnene kidogo ukishuka, na mkia wa g umejikunja kama kikono cha maharage. Baba, ni mzuri mno. Wateja wanaugombea kwa kadi za ubatizo, kipaimara, hata pakiti za kahawa. Bango la bucha tu ndilo limetushinda. Herufi ni nyembamba, ukiwa barabarani huoni kitu.

Binti yako,
Kokuhirwa

Kihanga, 18 Februari 2024

Mwanangu,

Marahaba. Goti la mama yako bado, ila shambani anakwenda, hasikii la mtu.

Kadi ya ubatizo uliyoituma pamoja na barua nilimwonyesha padri. Akanipa pole kwa kazi ya kuandika vizuri hivyo. Nikaipokea, nikajisikia sana. Ila r yangu umeinyoosha. Mimi huipinda pale juu.

Nasikia yule Kamugisha, Mlutheri, bado anataka kuja kujitambulisha. Mimi katekista nitawafundisha watu nini? Usiniandikie tena habari zake.

Baba yako,
Anastazi

Rubwera, 12 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo. Nilikaa kimya kwa hasira. Ile r nimeipinda.

Padri wa huku ametuombea ruhusa kwa askofu, tumeipata. Tutafunga ndoa kanisani kwetu, Kamugisha abaki na dhehebu lake. Limebaki neno lako.

Jana nilitengeneza kadi ya sherehe ya kuniaga nyumbani kwa fonti yako: "Familia ya Mzee Anastazi inafurahi kukualika." Ilipendeza, kisha nikaogopa. Mkono wako unasema umefurahi, na wewe hujafurahi. Bosi akasema chapa tu, nani atajua? Nikalifuta jina lako. Nakutumia kadi zote, pa jina pakiwa wazi. Ukikataa, ziwashie moto jikoni. Siwezi kuagwa kwa jina la mtu mwingine.

Binti yako,
Kokuhirwa

Kihanga, 30 Juni 2024

Mwanangu Kokuhirwa,

Marahaba. Sisi wazima. Mama yako ameninunia wiki nzima, na chai nimejichemshia mwenyewe.

Nilitoa kadi moja nikaitazama. Maneno yamekaa vizuri, hayasukumani. Nikafikiri kumwachia baba yako mdogo Rwezaura ajaze jina lake. Roho ikakataa kabisa. Wewe ni mtoto wangu, nakupenda, na sherehe hiyo ni yangu.

Nimejaza zote kwa kalamu ya wino, mama yako akizikausha mezani. Ya kwanza nimeipeleka mimi mwenyewe kwa babake Kamugisha. Alivaa miwani, akaigeuza kwenye mwanga, akasema hajui maneno yapi ni yangu na yapi ni ya mashine.

Nikamwambia yote ni yangu.

Baba yako,
Anastazi