Utepe wa Kijani wa Mama Mdogo

Ghorofani, juu ya duka la dawa,
Jumapili mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mkeo na wale watundu wenu wawili. Hamjambo huko? Kikohozi cha yule mdogo kimeisha, au bado kinawakosesha usingizi? Na wewe, kazini wanakuachia nafasi ya kulala siku hizi, ama bado unaishi kwa kahawa? Kwa desturi, hapa ningeandika kwamba nami ni mzima, hofu ni kwenu tu. Safari hii siandiki hivyo. Usingizi umenipotea, chakula hakipiti vizuri, na nimekukumbuka mno.

Tangu ile simu yako ya baada ya mazishi hatujasemezana. Uliniuliza, "Dada, ulikuwa wapi?" kisha ukakata. Sikulaumu hata kidogo. Ningekuwa mimi niliye mbali, nisiweze hata kufika kumzika mama yangu, nisingekata tu, ningeitupa na simu yenyewe. Lakini nikikupigia hupokei, na swali lako limenikaa kooni. Basi nimeona niandike, kwa kuwa barua haikatwi katikati.

Nilikuwa chini ya chumba hiki hiki ninamokuandikia, kwenye stoo ya nyuma ya duka la dawa, ambayo ndiyo ofisi ya kikosi chetu cha kujitolea. Unakijua kikosi, lakini sijawahi kukueleza tunavyofanya kazi. Sisi wote tuna ajira zetu. Mimi ni muuguzi wa wodi, mwenzetu mmoja ni daktari wa meno, dereva tunayemwita Breki huuza vipuri vya magari. Likitokea janga, tunaomba ruhusa makazini na kukutana hapa stoo, masanduku yakiwa yameshafungwa tayari.

Watu hudhani kujitolea ni kurukia gari na kwenda. Sivyo. Hatuondoki mpaka wanaosimamia uokoaji kule watuite, watuambie wanahitaji nini na tukae wapi. Tunabeba maji yetu, chakula chetu, mahema yetu, hata choo chetu, tusije tukawa mzigo kwa waliokwisha kupoteza kila kitu. Tukifika tunawagawa wagonjwa kwa tepe za mkononi. Nyekundu ni wa kushughulikiwa sasa hivi, njano ni wa kusubiri kidogo, na kijani ni wale wanaotembea na kuongea, wanaoweza kusubiri zaidi.

Tuna sheria moja nyingine, na hiyo ndiyo jibu la swali lako. Mwenye ndugu kwenye eneo la janga haendi. Anabaki hapa stoo kulinda simu, kutafuta vitanda hospitalini na kuagiza dawa zinazoisha. Sheria hiyo niliipendekeza mimi. Soko lilipoungua, Breki aliwaacha majeruhi kando ya barabara akaenda na gari kumtafuta kaka yake. Nani angemlaumu? Lakini wale majeruhi walikaa juani wakimngoja. Kwenye kikao nikasimama nikaongea kwa ufasaha mpaka wakanipigia makofi. Nikiyakumbuka yale makofi leo natamani ardhi inimeze.

Tetemeko lilipopita mtaani kwenu alfajiri ile, nilikuwa wa kwanza kufika stoo, viatu vya safari miguuni. Mwenyekiti wetu aliniangalia miguu, akaniangalia usoni. "Dada, sheria ni yako," akasema, kwa upole kabisa. Nikavua viatu. Gari liliondoka na mimi nikakaa kwenye simu, pekupeku kama mtoto aliyeadhibiwa.

Laini ya simu ilikuwa moja, na ilikuwa ya kazi. Kila walipopiga nilitaka kuuliza habari za mama yako, mama mdogo wangu, na kila mara nilijizuia, nikaandika wanayohitaji, nikaaga. Kila dakika ambayo ningechukua ilikuwa ya mgonjwa wa mtu. Nilijiona mtu wa kanuni. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, mdogo wangu, kwamba nilijisikia vizuri kwa kutouliza.

Sasa nikuambie yaliyompata, maana nadhani umesimuliwa nusu nusu. Ukuta wa jikoni ulimlalia mapajani. Alikaa chini yake mpaka jua likapanda, ndipo majirani wakaunyanyua. Akainuka, akashika ufagio kama mkongojo, akamchukua mtoto wa jirani aliyekuwa analia, akaja naye hemani kwetu kwa miguu yake. Daktari wa meno ndiye aliyekuwa mlangoni. Mama akamwambia amemleta mtoto. Habari ya ukuta hakuitaja. Alipoulizwa kama yeye mwenyewe anaumwa, akacheka, akasema, "Mimi? Mimi niko buheri wa afya, baba. Waangalie wanaoumwa."

Najua umeishia hapo ukaiweka barua chini. Mimi na wewe tu, katika dunia nzima, ndio tunaojua maana yake. Mama akiwa mzima alilalamika. Mgongo, magoti, jirani na redio yake, bei ya sabuni, sisi. Ukisikia malalamiko asubuhi unajua siku ni njema. Lakini alipovunjika kifundo cha mkono, unakumbuka, aliendelea kukanda unga kwa mkono mmoja akisema yuko buheri wa afya na ule mwingine umeomba likizo. Wewe ndiye uliyekimbia kuniita. Ulikuwa mdogo, lakini ulishajua.

Daktari wa meno hakuwa na namna ya kujua. Alimpima mapigo ya moyo, yalikuwa sawa. Anatembea, anaongea, anachekesha watu. Akamfunga utepe wa kijani, kama tulivyomfundisha. Kumbe mwili uliobanwa muda mrefu hukusanya sumu kwenye nyama, na uzito ukiondolewa ile sumu hushuka kwenye figo na kupanda kwenye moyo. Mtu anaonekana amepona, kumbe ndiyo kwanza ameanza kuumwa. Angejua alilaliwa na ukuta angempa utepe mwekundu palepale.

Alasiri akanipigia kuagiza bandeji. Akiwa anaaga akasema, kwa kunichangamsha tu, "Kuna mama hapa kwenye kijani ametusaidia sana. Amewapanga watoto wote mstari, na ufagio wake mkononi. Anasema yeye buheri wa afya." Nilisimama mpaka kiti kikaanguka. Nikamwambia amlaze, amtundikie maji, amuulize alilaliwa na nini. Nilipiga kelele, na mimi kwenye simu ya kazi sipigi kelele. Walimtundikia maji, wakamtia kwenye gari, Breki akaendesha kama ambavyo hajawahi kuendesha, na mimi kitanda cha hospitali nilikuwa nimeshakipata. Moyo wake ulisimama njiani. Breki anasema mpaka dakika za mwisho alikuwa anamsifu kwa uendeshaji, halalamiki chochote. Breki alidhani hiyo ni dalili njema.

Daktari wa meno alikuja nyumbani kwangu akakaa kwenye ngazi, hakutaka kuingia. Alisema akifunga macho anauona ule utepe. Nilimwambia ukweli, kwamba hakukosea kitu, kwamba aliyekuwa na jibu alikuwa upande wa pili wa simu. Na wewe nakuambia vilevile, kwa sababu nakujua. Najua hukuniuliza mimi peke yangu nilikokuwa. Umejiuliza na wewe. Ulikuwa kazini unawatafutia wanao chakula, mbali kama mama mwenyewe alivyokusukuma uende. Usijitwike hili, linanitosha mimi.

Sheria hatukuifuta. Nilitaka ifutwe, Breki ndiye aliyekataa, na alikuwa na haki. Ila sasa mwenye ndugu kule ndiye anayetumia laini kwanza, anasema anamtafuta nani na mtu huyo yukoje. Na kwenye hema la kijani hatumuulizi mgonjwa peke yake. Tunamuuliza aliyekuja naye, "Huyu kwa kawaida yukoje?" Ni swali dogo. Nimelitunga nikiwa nimechelewa.

Nyumba yenu imesimama upande wa sebuleni. Kaka yetu fundi seremala ameufunga mlango kwa mbao na kufuli, na cherehani ya mama iko kwangu, nimeifunika. Ufagio nao ninao. Majirani walinikabidhi, nikauweka nyuma ya mlango, na mpaka leo sijafagilia.

Mama yangu anakusalimu sana. Amempoteza mdogo wake na siku hizi anakuita wewe kwa jina la marehemu kimakosa. Kaka seremala anakusalimu, na Breki pia, anaomba umsamehe kwa kuwa mwendo haukutosha. Nisalimie mkeo, umkumbatie kila mtoto kwa zamu yake. Mola awafunike, awaondolee homa na vikohozi, na akurudishe nyumbani utukute.

Ombi langu ni moja. Ukinijibu, usiniandikie kwamba hamjambo. Nitaogopa. Niandikie mgongo unakuuma, bosi ni mkorofi, baridi imezidi, na kwamba mimi dada yako umenikasirikia. Lalamika, mdogo wangu, ujaze karatasi mbele na nyuma. Nitaisoma na nitajua kwamba u mzima.

Ni mimi dada yako nikupendaye, ambaye mgongo unaniuma, magoti yananiuma, na redio ya jirani inanikera tangu asubuhi.